Umbali Kutoka Winguni Si Mali ya Rubani

Kuna maoni yaliyoenea pwani yetu, kuanzia kwenye sebule za abiria wa ndege ndogo Dar es Salaam hadi kwenye gati la Nyamisati, kwamba kanuni za mawingu na umbali wa kuona ni masharti ya vitabuni yanayomchelewesha abiria bila kumlinda. Utayasikia kwa wafanyabiashara wa Kilindoni, kisiwani Mafia, wenye mizigo ya haraka, kwa wenye hoteli wanaosubiri wageni wa papa potwe, na, jambo linaloniumiza zaidi, kwa baadhi ya marubani wenyewe. Rubani akiahirisha safari ya Mafia kwa sababu ya wingu, huitwa mwoga au mgeni wa njia. Akipita chini ya wingu hilohilo, futi 500 juu ya mikoko, akafika salama, husifiwa kuwa anaijua pwani.

Maoni hayo ni ya hatari na nitayajibu hoja kwa hoja. Kwanza niyaeleze kama wenyewe wanavyoyaeleza.

Wanasema hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mafia ni kama nusu saa na ushei kwa Cessna Caravan. Nchi yote ya upande huo ni tambarare: Mkuranga, Kibiti, delta ya Rufiji, kisha bahari. Hakuna mlima. Ndege zinazopita huko ni chache ukilinganisha na Nairobi au Johannesburg. Marubani wake wana leseni za biashara, wamefunzwa kuruka kwa vyombo, na mbele yao kuna GPS inayoonyesha walipo kwa kukosea mita chache tu. Masika na vuli wingu la chini hutanda siku nyingi. Tukisubiri anga jeupe, kisiwa kitafungika. Na kisiwani kuna wagonjwa wanaotakiwa kufika Muhimbili. Kanuni hizi, wanamalizia, zilitungwa mbali na huku, na watu wasioijua hali yetu.

Ni hoja za watu wenye akili, na wengi wao wana nia njema. Lakini hazisimami.

Kanuni yenyewe

Rubani huruka kwa njia mojawapo kati ya mbili. Huruka kwa vyombo, akifuata njia na kimo alichopangiwa na kuongozwa na mnara. Au huruka kwa macho, yaani yeye mwenyewe ndiye anayejiepusha na ardhi na ndege nyingine kwa kuziona. Nje ya anga linaloongozwa, anayeruka kwa macho hana mtu wa kumwepusha na mwenziwe. Macho yake ndiyo mnara wake.

Kwa sababu hiyo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Chicago wa 1944, liliweka viwango ambavyo nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zinavifuata. Chini ya futi 10,000, rubani awe anaona umbali usiopungua kilomita 5. Awe mbali na wingu kwa mita 1,500 kwa kando, na mita 300, yaani futi 1,000, kwa juu au chini. Akiwa futi 3,000 au chini yake, nje ya anga linaloongozwa, umbali wa kutoka winguni unalegezwa: asiguse wingu, na awe anauona uso wa ardhi au maji. Kilomita 5 zinabaki palepale, isipokuwa mamlaka ya nchi imeruhusu pungufu kwa ndege inayokwenda kwa mwendo wa kumwezesha rubani kuona na kukwepa kwa wakati. Na nje ya miji asishuke chini ya futi 500.

Sasa tuzichukue hoja.

Hoja ya kwanza: "Delta ni tambarare, hakuna cha kugonga"

Hii ndiyo hoja kuu, na ndiyo yenye kosa kubwa kuliko zote. Inadhani kwamba wingu huua kwa kuficha mlima tu. Huua hivyo pia, na Afrika Mashariki ina makaburi ya kutosha kuthibitisha. Aprili 10, 2006 ndege ya Jeshi la Anga la Kenya ilianguka Marsabit katika hali mbaya ya hewa, wakafariki watu 14, wabunge wakiwemo. Juni 5, 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga mlima katika safu ya Aberdare, wakafariki 10. Lakini Novemba 6, 2022, pale Bukoba, ATR 42 yenye watu 43 iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika mvua na hali mbaya ya hewa, na watu 19 hawakutoka hai. Simhukumu rubani wa ajali ile. Nasema tu kwamba ndege haikugonga mlima. Iligonga maji, na maji ndiyo kitu tambarare kuliko vyote.

Wingu humwondolea rubani kitu kimoja ambacho hajui anakitegemea kiasi gani mpaka kitoweke, nacho ni upeo, pale mbingu zinapokutana na nchi. Kwa kuuangalia upeo ndipo anapojua kwamba mabawa yako sawa. Ukipotea, hubaki na hisia za mwili, na sikio la ndani linalotupa hisia ya kusimama wima halikuumbwa kwa ajili ya angani. Ndege ikianza kulala upande mmoja polepole, sikio halihisi kitu. Rubani akiinyoosha, sikio humwambia kwamba sasa ndiyo inalala upande wa pili, naye hurudi kuilaza huku akiamini anaisawazisha. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya vyombo wakawanyima mandhari ya nje wakiwa angani. Wote 20 waliishia katika mwendo ambao ungewaua. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu, na katika dakika hizo mlima hauhitajiki.

Delta ya Rufiji ni mahali ambapo upeo hupotea hata kabla rubani hajaingia winguni. Alfajiri bahari ikiwa shwari, maji ya nje ya Msala huwa na rangi ya risasi sawasawa na wingu lililo juu yake. Mahali yanapokutana hapaonekani. Rubani akitazama chini anaona maji, kwa hiyo kwa maandishi ya kanuni "anauona uso", lakini maji yasiyo na wimbi hayamwambii yuko futi ngapi juu yake wala kama bawa la kulia limeshuka. Manyunyu ya kusi yakianza kupiga kioo cha mbele, mistari ya maji hupanda juu ya kioo, na ule ukanda mwembamba wa kijani wa mikoko, ambao ndio uliokuwa upeo wake wa pekee, unageuka kijivu, kisha haupo.

Na kuhusu kuijua njia: Kiomboni, Simba Uranga, Kikunja, Msala. Mito yote hiyo ina maji ya kahawia, yote inapindapinda, na yote imezungukwa na mikoko ya kimo kinachofanana, katika msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Maji yakijaa, visiwa unavyovijua vinapungua. Maji yakipwa, yanazuka mafungu ya mchanga usiyoyajua. Baharia wa Salale huyatambua kwa sababu anayapita kwa mwendo wa mtumbwi, karibu, kila siku. Rubani anayapita kwa kilomita 300 kwa saa.

Anayedai kwamba delta ni mahali pa wazi ambapo mtu wa juu anaona kila kitu, asome historia ya delta hiyohiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1914 Waingereza waliigundua manowari ya Kijerumani Königsberg imejificha ndani ya mikono ya Rufiji. Meli ile ilikuwa na urefu wa mita 115 na mabomba matatu ya moshi. Wajerumani waliifunika kwa matawi ya mikoko. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aje na boti-ruka yake kuitafuta kutoka juu, na hiyo ndiyo habari ya mwanzo ya kuruka katika anga la Rufiji. Katika safari yake ya kwanza, Novemba 1914, Cutler alipotea. Alikutwa ameshuka kwenye kisiwa kidogo cha Okuza, kusini ya kisiwa cha Nyororo alikotokea. Safari zilizofuata aliiona meli, na Desemba injini ikamfelisha akaangukia mikononi mwa Wajerumani. Ikabidi ziletwe ndege nyingine, kisha nyingine, mpaka Juni 1915 zilipoletwa ndege za kurukia nchi kavu kutoka Mafia. Meli ilimalizwa Julai 11, 1915, mizinga ya meli za Kiingereza Severn na Mersey ikielekezwa na rubani John Cull na msaidizi wake Arnold, ambao nao walitunguliwa wakaangukia mtoni. Kwa hiyo ilichukua zaidi ya miezi minane na watu wenye kazi hiyo moja tu. Miezi hiyo haikuhitajika yote kwa ajili ya kutazama, lakini meli ya mita 115 iliweza kujistiri humo na kuwatesa wanaoitafuta. Caravan haina hata mita 13.

Nataja urefu huo kwa sababu ya swali ambalo wenye hoja ya utambarare hawajiulizi: ndege ikishuka pale, nani ataiona? Ile ya Bukoba ilianguka mbele ya macho ya mji, na wavuvi wakaifikia kwa mitumbwi yao. Katika mikoko kati ya Kiongoroni na Maparoni, mvua inanyesha, maji yamepwa, hakuna mtumbwi utakaopita mpaka maji yajae. Kutembea kwa miguu juu ya tope na mizizi ya mkoko ni kazi ya saa nzima kwa hatua ambazo uwanjani ungezimaliza kwa dakika chache. Na helikopta ya kutafuta nayo itakuwa chini ya wingu lilelile.

Hoja ya pili: "Anga letu lina ndege chache"

Tufanye hesabu. Caravan inakwenda takriban kilomita 300 kwa saa, yaani kilomita 5 kwa dakika. Zile kilomita 5 za kanuni, zinazoonekana kubwa ukiwa umesimama Kibiti mjini, ni dakika moja tu ya kuruka. Ndege mbili zikielekeana, ni nusu dakika. Sasa punguza: mmoja anapita kando ya wingu, mwingine anatokeza kutoka upande wa pili wa wingu hilo. Kama ameheshimu mita 1,500, wana sekunde 9 hivi. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, unakadiria kwamba tangu rubani anapoona kitu, akakitambua kuwa ni ndege, akaona kwamba watagongana, akaamua, akasukuma usukani, mpaka ndege yenyewe iitikie, zinapita sekunde 12.5. Maana yake hata kanuni ikifuatwa yote, kwa ndege zinazoelekeana uso kwa uso haikupi muda wa ziada. Imeshakubana. Anayepita mita 200 kando ya wingu amejiachia sekunde moja na kitu.

Kwa juu na chini ni vivyo hivyo. Ndege inayoshuka kupitia wingu kwa futi 1,000 kwa dakika, kwa ruhusa ya mnara, ikitokeza chini yake itamkuta aliyejiweka futi 1,000 chini baada ya dakika nzima. Atakayekuwa amejibana futi 100 chini ya wingu ataikuta baada ya sekunde 6. Na yule anayeshuka hana habari ya huyu wa chini, maana alikuwa ndani ya pamba nyeupe akiamini, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mtu anayeruka kwa macho karibu na wingu lake. Kanuni ndiyo iliyomwahidi hivyo.

Halafu tuulize, ndege chache ziko wapi? Anga likiwa jeupe zinatawanyika: mmoja futi 4,500, mwingine 5,500, mwingine 8,500, kwa sababu juu ya futi 3,000 vimo vimegawanywa kati ya wanaokwenda mashariki na wanaokwenda magharibi. Wingu likishuka mpaka futi 900, wote wanaong'ang'ania kwenda wanasukumwa kwenye ukanda mmoja wa futi 400, kati ya kikomo cha chini na wingu, na kwenye ukanda huo mgawanyo wa vimo haupo. Aliyetoka Dar, anayerudi kutoka Mafia, anayekwenda Songo Songo na Kilwa, wote wamo. Na wote wana GPS. Hapa pana mgongano ambao watetezi wa GPS hawautazami kabisa. Zamani marubani wawili waliofuata dira walipishana kwa kilomita kadhaa bila kujua, kila mmoja na kosa lake. Leo wote wawili wamechora mstari mmoja ulionyooka kutoka Dar hadi Mafia na wanaufuata kwa usahihi wa mita. GPS humweleza rubani mahali alipo yeye. Haimwelezi alipo mwenziwe, ila imewaweka wote wawili juu ya uzi mmoja. Kifaa cha kutahadharisha mgongano kinasaidia, lakini husikia tu ndege ambayo nayo imewasha transponda yake na transponda hiyo ni nzima.

Kuna pia wasio na transponda wala leseni. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa mwaka 2004 chini ya Mkataba wa Ramsar, na makundi makubwa ya ndege wa majini hulifanya makao wakati wa kaskazi, msimu uleule wa papa potwe na wageni wao. Korongo na yangeyange huruka katika futi zilezile ambazo wingu la vuli linawasukumia marubani.

Wengine hujibu kwamba sheria yenyewe imeruhusu: chini ya futi 3,000 inatosha kutoligusa wingu. Wananukuu nusu ya kanuni. Nusu ya pili inataka kilomita 5 za kuona, na asubuhi ambayo wingu limekaa futi 600 juu ya delta huku manyunyu yakipita, kilomita 5 mara nyingi hazipo. Na kwa maoni yangu nafuu hiyo ni kubwa mno kwa delta. Inailegeza kinga pale ambapo watu wamebanana zaidi. Ningependa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, iitazame upya kwa njia hii mahususi. Hata hivyo, kiwango cha chini kabisa hakijawahi kuwa ushauri wa namna ya kuruka.

Hoja ya tatu: "Rubani wetu amefunzwa kuruka kwa vyombo"

Amefunzwa, na ndiyo sababu hana udhuru. Mafunzo yale hayakumfundisha kuingia winguni ghafla katikati ya safari ya macho. Yalimfundisha kuandika mpango wa safari ya vyombo kabla ya kuondoka, kujua kimo ambacho chini yake hatashuka, kupata ruhusa ya mnara, kuwa na utaratibu uliochorwa wa kushukia kiwanja anachokwenda, kiwanja cha akiba, na mafuta ya kufika huko. Rubani aliyeondoka Dar kwa macho kwenda kiwanja cha changarawe cha Mtemere, kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hana utaratibu wa kushuka unaomsubiri mwisho wa safari. Akiingia winguni njiani, ujuzi wake wa vyombo utamweka sawa kwa muda, lakini utamwacha palepale juu ya wingu au ndani yake, bila njia halali ya kushuka. Kinachofuata ndicho kinachoua wenye ujuzi: kushuka kidogokidogo kwa kubahatisha, akitafuta tundu, futi 800, 700, 600, macho yakitoka kwenye vyombo kwenda dirishani na kurudi. Hapo si anayeruka kwa vyombo wala si anayeruka kwa macho, na amepoteza kinga ya pande zote mbili.

Kila anayesema kwamba ujuzi wa vyombo unaondoa haja ya kuheshimu wingu, ajibu swali hili: kama unaruka kwa vyombo, kwa nini hukuandikisha hivyo?

Hoja ya nne: "Kanuni zilitungwa na watu wasioijua hali yetu"

Nitaipita haraka. Kama kanuni hizi hazilingani na hali yetu, hazilingani kwa kuwa laini. Wingu la mvua la pwani ya joto hupanda juu kuliko la nchi za baridi, na mvua yake ikishuka hufuta umbali wa kuona kutoka kilomita 10 hadi chini ya moja kwa muda wa kusoma aya hii. Taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja hueleza anga la kiwanja na jirani yake. Haielezi anga la Salale, na kati ya Dar na Mafia rubani hukutana na anga ambalo hakuna aliyemsomea.

Tena watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mgeni yeyote kuacha safari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, nahodha wa Nyamisati hatoki, na abiria wanakaa kwenye vivuli na mabegi yao, wananung'unika, wananunua chai, wanasubiri. Kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama, na hakuna aliyesema kwamba manahodha hawaijui bahari. Abiria huyohuyo, akiwa na tiketi ya ndege, anageuka. Anasubiri boti siku nzima, halafu anashindwa kumvumilia rubani kwa saa mbili. Ninachokiona hapo ni bei ya tiketi. Tumejifunza kuamini kwamba aliyelipa zaidi amenunua na hali ya hewa.

Hoja ya tano: "Na mgonjwa je?"

Hii ndiyo hoja nzito, na ndiyo inayotumika kufunika nyingine zote. Mama mjamzito ana damu inayomtoka, wingu limekaa chini, na mtu anasoma mita na futi. Nani atathubutu kumtetea msomaji wa mita?

Mimi nathubutu. Ndani ya ndege hiyo kuna mama, mtoto aliye tumboni, muuguzi na rubani. Ndege ikipotea tutakuwa tumewapoteza wote, pamoja na mwingine tuliyemkuta njiani. Hakuna daktari anayekubaliwa kumtibu mgonjwa mmoja kwa kuwahatarisha wanne, na sioni kwa nini rubani akubaliwe. Lakini jibu hilo pekee halitoshi, kwa sababu linamwacha mama pale alipo. Kuna jibu la pili, na ndilo ambalo sijawahi kulisikia likijadiliwa.

Kila safari inayobanwa chini ya wingu ikafika, huandikwa kwamba ilifika. Katika vitabu vya kampuni, ndege iliondoka na ilitua. Katika ripoti za wilaya, mgonjwa alihamishwa. Anayepanga bajeti Dodoma akisoma kumbukumbu hizo anaona njia inayofanya kazi: Mafia inafikika, Mtemere inafikika, mwambao wa Kibiti unahudumiwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba njia hiyo ilifanya kazi kwa sababu mtu alipita futi 400 juu ya Simba Uranga akiona kilomita mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeyaficha maradhi ya anga letu kwa ushujaa wa marubani. Kituo cha kupima wingu na umbali wa kuona ndani ya delta hakijengwi kwa sababu hakuna takwimu za safari zilizoshindikana. Utaratibu wa kushuka kwa kutumia setelaiti, ambao hauhitaji mtambo mkubwa uwanjani, hauchorwi kwa viwanja vidogo kwa sababu vinaonekana havina shida. Chumba cha upasuaji na benki ya damu kwenye kituo cha afya cha mbali hupangiwa mwaka mwingine kwa sababu "ndege ipo".

Kwa hiyo anayevunja kanuni leo kwa jina la mgonjwa anamwokoa mmoja, pengine, na kuwanyima wengi wa kesho kile ambacho kingewaokoa katika kila hali ya hewa. Gharama hiyo hailipwi na mwenye ndege. Inalipwa na mama wa Kiongoroni ambaye hajapata mimba bado.

Wa kulipa wapo, na hawaulizwi

Ukizitazama hoja zote tano kwa pamoja utaona kila moja inamzungumzia rubani: ujuzi wake, vifaa vyake, ujasiri wake, jinsi anavyoijua njia. Hakuna hata moja inayowazungumzia watu ambao kanuni iliwekwa kwa ajili yao. Mita 1,500 za kando ni haki ya yule aliye ndani ya wingu ambaye hawezi kukuona. Futi 1,000 za chini ni haki ya anayeshuka. Kilomita 5 ni haki ya abiria aliyekaa nyuma, anayetazama kijivu dirishani, asiyejua kusoma dashibodi na asiyeulizwa kama anakubali. Na futi 500 ni haki ya mtu wa Mbuchi aliye shambani kwake. Rubani hodari hana ruhusa ya kugawa vitu hivyo kwa sababu havikuwa vyake.

Na rubani mwenyewe tusimwachie mzigo wote. Anayekataa kuondoka hukabiliwa na msimamizi anayemwuliza mbona kampuni jirani imeondoka, na abiria anayerekodi kwa simu. Pale ambapo kipato chake kinategemea saa alizoruka, kila wingu analoliheshimu linakatwa kwenye posho yake. Mfumo wa namna hiyo unamlipa mtu ili akaribie wingu. Kampuni zenye nia ya kweli zitamlipa rubani siku ya kuahirisha sawasawa na siku ya kuruka, zitaweka gharama ya malazi ya abiria waliokwama ndani ya nauli tangu mwanzo, na zitaandika kwenye tiketi za Mafia na za hifadhini, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba safari hii inaruka kwa macho na inaweza kurudi.

Kisha kila safari iliyorudi iandikwe: tarehe, saa, wingu lilikuwa futi ngapi, umbali wa kuona ulikuwa kilomita ngapi, ilirudia wapi, na kama kulikuwa na mgonjwa ndani. Nakala moja iende TCAA, moja TMA, na moja kwa wakurugenzi wa halmashauri za Kibiti, Rufiji na Mafia. Misimu miwili ya masika na vuli ya kumbukumbu za kweli itatosha kumwekea waziri mezani orodha ya asubuhi ambazo kisiwa kilifungika, na bei ya kituo kimoja cha hali ya hewa kwenye mwambao wa Kibiti kando yake.